Mabalako: Kinga gani itakubeba siku ya kukimbia?

Leo siandiki juu ya mashambulizi wala juu ya mikutano ya viongozi. Ninaandika juu ya kinga. Wenzetu wa Tanzania wakisikia neno hilo wanafikiri habari za chanjo, lakini hapa kwetu kila mtoto anajua kwamba kinga ni baiskeli.

Katika Mabalako, mtu asiye na pikipiki ana kinga, na asiye na kinga ana kichwa chake cha kubebea mizigo. Kakao inatoka shambani kwa kinga. Mawese yanafika soko la Mangina kwa kinga, bidoni mbili upande huu na mbili upande ule. Na siku milio ya risasi ikisikika, kinga ndiyo inabeba godoro, sufuria, mtoto mdogo na nyanya asiyeweza kutembea. Kwa hiyo mtu akiniuliza kinga gani ni nzuri, haifai nimjibu kwa mchezo. Niliwahi kujibu kwa mchezo, na mtasikia kilichotokea.

Mwezi uliopita mpwa wangu alinipigia simu. "Mjomba, jambo sana. Nimeuza kakao. Nataka kununua VTT. Ninaomba twende wote Butembo unichagulie."

VTT ndiyo ile baiskeli ya milimani: matairi mapana yenye meno, vitesi vingi, mara nyingi na amortisa mbele kama pikipiki. Vijana wanazipenda sana. Nilimwambia ndiyo, kisha nikakata simu na kukaa kimya. Juu VTT ya kwanza iliyoingia katika nyumba yao, ni mimi niliyeichagua.

VTT ya baba yake

Ilikuwa mwanzoni mwa 2024. Shemeji yangu, baba wa kijana huyu, alikuwa na kinga nyeusi ya zamani, ile ya matairi ya 28 na breki za vyuma. Akasema amechoka kuisukuma milimani. Mimi, kwa kuwa nilikuwa nimesoma-soma kwenye intaneti, nikajifanya mjuzi. Tukaingia duka moja, tukaona VTT nyekundu inayong'aa: amortisa mbele, amortisa nyingine katikati chini ya kiti, breki za diski, vitesi 21. Muuzaji alitaka dola 140. Nilihesabu vitu vilivyoandikwa kwenye karatasi yake, nikamwambia shemeji, "Chukua, hii ni mashine." Akauza ile nyeusi kwa dola 50 ili pesa itimie.

Siku za kwanza ilimfurahisha. Kwenye matuta ilikuwa laini kama kiti cha ofisi. Lakini fundi alipotaka kufunga karia, hakuona mahali pa kuishika, kwa sababu nyuma yote ilikuwa inacheza juu na chini. Akaibana kwenye chuma cha kiti. Mimi nikasema itashika.

Mwezi wa 6 wa 2024, siku za mauaji ya upande wa Masala, vijiji vingi vilimiminika barabarani. Shemeji alimweka mama yake mzazi juu ya karia, gunia la kakao likapita katikati ya fremu, godoro likakaa juu ya usukani. Hawakufika mbali. Amortisa ya katikati ilikaa chini kabisa na karia ikaanza kulamba tairi. Walipomshusha mama, ekseli ya nyuma ilikuwa tayari imepinda, gurudumu linasugua fremu na kukataa kuzunguka. Walifungua godoro, wakaisukuma VTT ndani ya kichaka pamoja na gunia, wakaendelea kwa miguu. Mama yule alitembea hadi usiku. Goti lake halikurudi kuwa kama zamani.

Njiani, jirani mmoja aliwapita akisukuma kinga nyeusi yenye watoto wawili, magunia na mbuzi. Shemeji alinisimulia hilo mara moja tu, bila hasira. Hakuwahi kunilaumu. Mimi ndiye ninayekumbuka kila ninapoona amortisa.

Baiskeli hii ilizaliwa wapi?

Baada ya hapo nilianza kujifunza kwa kweli. VTT zilianzia Marekani, katika milima ya California, karibu na San Francisco. Miaka ya 1970 vijana wa pale walichukua baiskeli nzito za zamani zenye matairi manene, wakawa wanashindana kushuka nazo katika njia za udongo za mlima Tamalpais. Mashindano yao ya tangu 1976 yaliitwa Repack, maana breki ya ndani ya habu ilikuwa inachemka hadi grisi inaungua, na baada ya kushuka ilibidi ijazwe grisi mpya. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikatoa Stumpjumper, VTT ya kwanza kutengenezwa kwa wingi kiwandani.

Sisemi haya kwa dharau. Watu wale walitafuta dawa ya shida ambayo nasi tunaijua: udongo, mawe, mteremko mkali, breki zinazokufa. Kila aliyeshuka Kabasha na mzigo atawaelewa. Lakini walikuwa wanabeba mwili wa mtu mmoja, na jioni walirudi nyumbani. Hakuna aliyekaa kuchora VTT akiwaza gunia la kakao la kilo 60 na nyanya juu yake.

Kifaa kilichochorwa kwa ajili ya mzigo tunacho wenyewe, ni chukudu. Haina mnyororo, haina pedali, ni mbao na magurudumu mawili, na inabeba kile ambacho baiskeli haibebi. Goma wameijengea sanamu ya rangi ya dhahabu, tangu 2009. Shida yake tunaijua: kwenye mteremko ni mfalme, kwenye mpando ni mtumwa wako unayemsukuma wewe mwenyewe.

Na wapo waliochora baiskeli kwa ajili ya barabara za Afrika. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa 2005, linatoa baiskeli iitwayo Buffalo. Ni ya chuma, nzito, haina amortisa, aina yake ya kawaida haina vitesi, na inasimama kwa kurudisha pedali nyuma. Karia yake imetengenezwa kubeba kilo 100. Nilipoona picha yake nilicheka peke yangu. Inafanana zaidi na ile nyeusi ya shemeji kuliko ile nyekundu niliyomchagulia.

Kinga tatu za Butembo

Basi tukapanda Butembo na mpwa wangu. Mfukoni alikuwa na dola 130. Mimi mfukoni nilikuwa na kipande cha sumaku nilichokitoa katika spika ya redio iliyokufa. Alinitazama kama mtu anayepeleka mganga sokoni. Tukazunguka tangu asubuhi, mwisho tukabaki na kinga tatu.

Ya kwanza ilikuwa VTT mpya, bluu, amortisa mbele na katikati, breki za diski, kibandiko cha "21" kikubwa kuliko jina lake. Bei dola 150, mwisho 135. Macho ya kijana yalibaki pale.

Ya pili ilikuwa VTT ya mitumba kutoka Ulaya. Rangi imechubuka, haina amortisa hata moja, matairi ya 26, kiti kimepasuka. Dola 90.

Ya tatu ilikuwa nyeusi mpya, ya aina ile tuliyozoea kuiita Phoenix, jina la kampuni ya Shanghai, hata kama imetengenezwa kwingine. Matairi ya 28, karia imara ya kiwandani. Dola 115.

Nilianza na sumaku. Kwenye nyeusi ilinasa. Kwenye ile ya mitumba ilinasa. Kwenye ile ya bluu haikunasa. "Hii ni alumini, ni nyepesi," muuzaji akasema, na alisema kweli. Nikamuuliza mpwa wangu: fremu hii ikipasuka Mangina, nani ataichomelea? Chuma, kila kijana mwenye mashine ya kuchomelea atakirudisha kwa franga kidogo. Alumini inataka mashine nyingine na mkono mwingine, na kwetu sijamwona mwenye navyo.

Kisha vitesi. Kijana alidhani 21 ni nguvu 21. Nikamwonyesha: ni meno matatu mbele mara meno saba nyuma, basi. Nyingi kati ya hizo zinafanana. Kinachohesabika ni ile ya chini kabisa, ya kupandia. Kwenye nyeusi tulihesabu meno 48 mbele na 20 nyuma. Ukizungusha pedali mara moja unakwenda kama mita 5. Kwenye ile ya mitumba, meno madogo ya mbele yalikuwa 28 na makubwa ya nyuma 28. Pedali mara moja, gurudumu mara moja, mita 2. Ni pole pole, lakini ni tofauti kati ya kupanda mlima ukiwa umekaa na kupanda ukisukuma kwa kifua.

Muuzaji wa mitumba alikubali tujaribu. Nilimpakia mpwa wangu nyuma, akiwa ameshika mfuko wa mchanga magotini, tukapanda mtaa ule wenye mpando. Mimi si kijana tena, lakini nilifika juu bila kushuka. Tuliporudia na ile nyeusi, nilishuka katikati nikasukuma. Kwenye kushuka ile ya mitumba ilinifurahisha tena. Breki zake zina mikono miwili inayobana rimu kwa nguvu, na raba zake zinauzwa kila mahali. Breki za vyuma za kinga nyeusi, rimu ikilowa mvua, zinakupa muda wa kusali. Breki za diski za ile ya bluu zingeshika hata kwenye matope, hilo ni kweli, ila vipande vyake vidogo vikiisha, utavifuata Butembo.

Ile ya bluu tuliijaribu pia, ili kijana asiseme nimeionea. Kwenye mashimo ilikuwa laini kuliko zote. Lakini kwenye mpando, kila nilipokanyaga pedali ilikuwa inainama na kuinuka, inainama na kuinuka, na nguvu zangu zinaishia humo ndani ya springi. Nikamwambia mpwa wangu akae nyuma. Hapakuwa na mahali pa kukaa. Alisimama pale barabarani akitazama lile pengo kati ya kiti na tairi, na nadhani hapo ndipo alipomkumbuka nyanya yake. Hakusema kitu. Alirudi mwenyewe kwa ile ya mitumba.

Kitu kilichovunjika, na namna ya kukiona mapema

Kabla ya kulipa nilitafuta ule ugonjwa ulioua VTT ya baba yake. Katika VTT nyingi za bei ya chini, kikundi cha meno saba kinafungwa kwa kuzungushwa juu ya habu kama kifuniko. Kinachukua nafasi kubwa upande wa kulia, kwa hiyo gololi za upande huo zinabaki ndani, mbali na fremu. Ekseli inakuwa na kipande kirefu kisichoshikwa na kitu. Ukiweka makilo mengi nyuma, inapinda hapo, kisha inakatika. Kuna aina nyingine ya habu ambayo gololi zake zinafika karibu na fremu, na hiyo inavumilia zaidi. Fundi mzoefu ataitambua akiona namna meno yanavyofunguliwa. Muombe aangalie kabla hujatoa pesa.

Ya mitumba ilikuwa na habu ile nzuri. Lakini gurudumu la nyuma lilikuwa na spoku 32, na mbili zikilia tofauti na zingine nilipozigonga kwa kidole. Kinga za zamani zilizotengenezwa kwa mzigo zilikuwa na spoku 32 mbele na 40 nyuma. Waliozichora walijua uzito unakaa wapi.

Tuliipata kwa dola 80. Hesabu zangu zote zilikuwa juu ya zile 50 zilizobaki. Bei ya kinga si ile ya dukani tu, ni ile ya siku inapoanza kazi. Fundi alikaza na kunyoosha gurudumu la nyuma, akabadilisha spoku zilizochoka, mnyororo na raba za breki. Mchomeleaji alitengeneza karia ya vyuma vya kujengea nyumba, miguu yake ikishuka hadi kwenye ekseli, ili uzito ushuke moja kwa moja kwenye gurudumu na usining'inie kwenye kiti. Tukanunua tairi jipya la nyuma na mpira wa ndani wa akiba, wenye valvu nene kama ya pikipiki, ili pompa ya mtaximani yeyote iweze kuujaza. Kijana alibaki na dola 7.

Kwa familia zilizo njiani

Najua wengi mnaonisoma mko katika nyumba za watu, katika shule, katika mahema. Wengine mnaweka franga kwa franga ili mpate kinga ya kurudi nayo shambani, au ya kuanza biashara ndogo ya ndizi. Nawaambia niliyoyaona, kila mtu apime kwa mfuko wake.

Kama kazi yako ni tambarare na mzigo ni mzito, kinga nyeusi bado ni mama. Kama unapanda na kushuka kila siku, VTT ya chuma isiyo na amortisa, hata kama ni ya mitumba, itakusaidia kuliko zote, mradi uiwekee karia ya kweli. Yenye amortisa mbele tu inaweza kuvumiliwa, ila jua kwamba amortisa ya bei ndogo ni uzito unaoubeba, na ikifa haina fundi. Yenye amortisa katikati, waachie wanaocheza.

Uliza matairi kabla ya kuuliza rangi. Mafundi wetu wa Mangina wana 26 na 28. VTT nyingi za kisasa zinakuja na 27 na nusu au 29, na tairi likipasuka utalala nayo. Tena, tairi la 28 la kinga nyeusi haliingii kwenye rimu ya 29, namba zisiwadanganye.

Pitisha kidole chini ya fremu, pale bomba linapokutana na shingo ya usukani. Rangi iliyovimba au iliyojikunja ni ufa unaokuja. Zungusha gurudumu na utazame kama linayumba. Kisha mpakie mtu nyuma, mtu mzima, na upande mlima. Muuzaji akikataa, amekwisha kukujibu.

Tulipofika nyumbani

Shemeji alitoka nje, akaizunguka ile kinga mara mbili. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, nikamwambia mbele ya mtoto wake: shemeji, ile ya 2024 nilikuchagulia vibaya, na sijawahi kukuambia samahani. Aliinama akakagua miguu ya karia, akaitikisa. "Shemeji," akasema, "ile tuliichagua wawili. Mimi nilipenda rangi nyekundu." Kisha akamuuliza mwanawe kama kuna ufunguo wa nati za 15.

Mama yake alikuwa amekaa mlangoni, mguu umenyooshwa. Kesho yake ilikuwa siku yake ya kwenda kituo cha afya, safari ambayo huwa anabebwa na pikipiki pesa ikipatikana, na isipopatikana anabaki. Mjukuu alimwambia atampeleka. Aliinuka kwa fimbo, akaja hadi kwenye kinga, akaweka mikono yote miwili juu ya karia na kuisukuma chini kwa uzito wake wote, mara tatu. Akaangalia tairi. Halikuguswa na kitu.

"Leteni kitambaa cha kukalia," akasema. "Vyuma hivi ni vigumu."

Ni mimi mwandishi wenu, kutoka Mabalako.